Shajara ya IST: ndoo ya maji, toki renchi na hedi iliyopinda

Jumamosi, 14 Juni 2025

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, cc 1497. Karakana ni chini ya mwembe nyuma ya nyumba, Tabata Segerea. Tatizo: maji ya rejeta yanapungua na chini hapana tone, asubuhi moshi mweupe unachelewa kuisha, na Jumatano ilichemka kwenye foleni ya Buguruni mpaka nikasukumwa na vijana wa bodaboda hadi kando ya barabara.

Fundi wangu wa kijiweni alifungua boneti, akanusa, akafunga. "Kaka, hiyo usihangaike nayo. Nenda Ilala kachukue injini nyingine, nakufungia kwa siku moja." Sikatai, kwa siku moja ataifunga. Ila injini ya Ilala nayo ilikuwa kwenye gari la mtu, na huyo mtu simjui aliiendeshaje.

Mimi kazi yangu ni umeme wa majumbani. Mkono umezoea spana na bisibisi, lakini injini sijawahi kuifungua kupita kifuniko cha juu. Nimeamua kujaribu. Kwa hiyo shajara hii nusu yake itakuwa ya gari na nusu ya vifaa, maana vifaa nilivyonavyo ni vya kufunga soketi za ukutani.

Jumapili, 15 Juni

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa psi. Fundi aliniazima geji yake, ile ya kubonyeza kwa mkono, ina koni ya mpira mbele. Nilipasha injini, nikatoa koili na plagi zote nne, nikachomoa waya za injekta, mwanangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho huku akipiga stata.

Silinda ya 2, mara ya kwanza: psi 130. Mara ya pili: 95. Mara ya tatu: 110. Silinda ileile, betri ileile, dakika tano hazijapita.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaitazama ile namba. Ningepima mara moja tu, ningeandika 130 nikaendelea na maisha. Na ningepata namba nyingine ovyo silinda ya 4 ningesema pistoni imekufa. Geji haikuvunjika wala haikutoa moshi. Mshale umepanda vizuri, umesimama, unakutazama usoni, na unasema uongo.

Basi hapa ndipo nilipopata utaratibu wangu wa kununua vifaa. Kifaa cha kufungulia kikiwa kibovu utakiona: kinapinda, kinateleza, kinakukwangua vidole. Kifaa cha kupimia kikiwa kibovu hukioni, unaona injini ikifa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo hela inakwenda kwanza kwenye vinavyopima.

Jumatano, 18 Juni

Nimenunua geji ya kufunga kwa hesi, inaingia kwenye tundu la plagi kama plagi yenyewe (hesi ya mm 14). Kabla ya kulipa niliipuliza kwa pampu ya baiskeli ya muuzaji, nikaiacha dakika mbili. Mshale haukushuka. Geji nyingine mbili za dukani hapohapo zilishuka taratibu huku tunaongea. Muuzaji alinuna kidogo.

Matokeo ya jioni, kila silinda mara tatu: ya 1 ni 185, ya 2 ni 110, ya 3 ni 105, ya 4 ni 182. Kati ya kipimo na kipimo tofauti haikuzidi psi 3. Vitabu vya Toyota kwa injini hii vinataka 213 ikiwa nzima, isiwe chini ya 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Nikamwaga kijiko cha oili ndani ya 2 na 3, nikapima tena, namba haikupanda. Maana yake si ringi za pistoni. Silinda mbili zilizo jirani zimeshuka pamoja: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yenye silinda, imetoboka katikati yao.

Jumamosi, 21 Juni

Kariakoo, upande wa Gerezani. Nilikwenda saa mbili asubuhi kabla jua halijachoma na kabla watu hawajaanza kukanyagana.

Mfukoni nilikuwa na bolti nne za zamani: 10, 12, 14 na 17. Nazipendekeza kuliko maneno yoyote ya muuzaji. Unachukua soketi, unaivalisha bolti yako, unaitikisa. Ikicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, rudisha. Maandishi "Chrome Vanadium" hayakusaidii kitu; yapo kwenye soketi nzuri na yapo kwenye soketi ambayo ukiibana kwa paipu inafunguka kama ganda la karanga. Boksi moja lilikuwa na bendera ya Ujerumani na neno la teknolojia ya Kijerumani kwa herufi kubwa, chini kabisa kwa herufi za sisimizi imeandikwa imetengenezwa China. Mimi na China sina ugomvi, simu ninayoandikia ni ya huko. Ila mtu anayeanza kwa kuficha alikozaliwa, namba zake nyingine nazo nazitilia shaka.

Soketi nimechukua za pembe sita, si kumi na mbili. Ya pembe kumi na mbili ni nzuri pahali pembamba, lakini kwenye bolti yenye kutu ya miaka ishirini inashika ncha tu, ikiteleza inabaki na bolti ya duara. Seti hii ni ya bei ya kati. Vikivunjika nitaviona.

Kazi ilikuwa kutafuta biti ya kufungulia bolti za hedi. Kwenye 1NZ bolti hizi zipo kumi na vichwa vyake havishikwi kwa nje, ni tundu la pembe kumi na mbili, saizi 8. Duka la kwanza: "Tumia Allen, bosi, inaingia." Kweli inaingia. Lakini inagusa pembe sita kati ya kumi na mbili, na bolti za hedi si za kubembeleza. Duka la pili alinipa nyota yenye ncha sita: "Unaigonga na nyundo kidogo inakaa." Duka la tatu alikuwa na biti yenye ncha kumi na mbili, nikafurahi, nikaitoa pochi. Kisha nikaigeuza kwenye mwanga. Kuna biti za ncha kumi na mbili za aina mbili, ukiziona haraka ni mapacha. Moja ni kama pembesita mbili zimelaliana, nyingine ni kama miraba mitatu imelaliana. Ya miraba ncha zake ni kali zaidi, na magari ya Ulaya ndiyo yanayoipenda. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo.

Duka la saba ndilo lililokuwa nayo sahihi. Shilingi 15,000, kachuma kafupi kama kidole gumba. Nilikaa nacho mkononi kwenye daladala mpaka Tabata, sikukiweka mfukoni.

Toki renchi, yaani spana inayopima mkazo na kulia "ta!" ikifika, nilinunua mbili. Ndiyo, mbili. Ya kwanza 55,000 kwa sababu ilikuwa na boksi zuri. Nilipofika mwisho wa mtaa nikajiona mjinga baada ya kuandika yote yale siku ya Jumapili, nikarudi kununua ya pili, ya Taiwan, kipimo 20 hadi 110, 180,000, ina karatasi yenye namba ileile iliyochongwa kwenye mpini. Mke wangu anajua habari ya ile ya kwanza tu.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya ndoo.

Mkazo ni uzito mara umbali, hesabu ya kidato cha pili. Nilibana kichwa cha mraba cha toki renchi kwenye vaisi ili spana ilale mlalo, nikaning'iniza ndoo kwenye mpini, sentimita 40 kamili kutoka katikati ya kichwa. Spana nimeiweka kwenye 40 niutoni-mita (Nm). Halafu unaongeza maji kikombe kwa kikombe, polepole, mpaka ilie. Ikilia unapima ndoo na maji yake kwenye mizani ya jikoni.

Nilipiga hesabu: 40 gawa kwa 0.4, gawa kwa 9.81, ni kilo 10.2. Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, amekuja kutusalimia, alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula embe bichi na chumvi. Akasema, "Anko, na spana yenyewe je, haina uzito?"

Nilinyamaza. Spana ni kilo 1.2, na ukiilaza kwenye kidole inasimama sawa sentimita 18 kutoka kichwani. Hiyo peke yake ni karibu Nm 2.1. Kwa hiyo ndoo inatakiwa iwe kilo 9.7 hivi. Nimempa soda.

Ya Taiwan ililia kwenye kilo 9.9, kisha 9.8, kisha 9.9. Ukirudisha kwenye hesabu ni kama 41. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu zipotoke asilimia 4 juu au chini kwa mikazo ya namna hii. Imo ndani.

Ya 55,000: kilo 12.2. Halafu 11.1. Halafu 12.9. Yaani unaiambia 40 inakupa 50, au 46, au 53, kutegemea imeamkaje. Ingekuwa inapotoka 10 kila siku ningeizoea, ningetoa kumi nikaendelea. Lakini hii haina msimamo. Kwenye hedi ya alumini, bolti moja 46 na jirani yake 53, ndio mwanzo wa gasketi mpya kutoboka.

Sasa inakaa jikoni. Ni nyundo nzuri ya kuvunjia nazi.

Jumamosi, 28 Juni

Kufungua. Sitaandika kila bolti. Picha nimepiga kama mia mbili, kila waya na kila paipu, na bolti nimezichomeka kwenye boksi la kadibodi nililochora umbo la injini.

Kilichochukua saa tatu ni bolti moja, ya puli ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Injini hii ina cheni ya taimingi, inayounganisha krenkishafti na kamshafti (mihimili inayofungua valvu) juu ya hedi; huwezi kutoa hedi bila kufungua kifuniko cha mbele, na kifuniko hakitoki mpaka puli itoke, na puli ikizungushwa injini nzima inazunguka nayo. Mtaani wanaegemeza spana ndefu kwenye chesisi halafu wanapiga stata. Nimeshaona spana ikiruka namna hiyo, ilipita juu ya ukuta ikaenda kwa jirani. Puli ina matundu mawili yenye hesi. Nilipeleka vipimo kwa vijana wa kuchomelea, wakanikatia bamba la chuma lenye matundu mawili na mkono wa nusu mita. Unaifunga kwenye puli, mtu mmoja anashika, mwingine anafungua. Shilingi 12,000 na ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote, ingawa kimepindishwa vibaya na rangi hakijapakwa.

Bolti za hedi zilifunguka zote kumi, kwa zamu, kidogo kidogo kutoka nje kwenda ndani. Ile biti haikuteleza hata mara moja. Gasketi imetoboka kati ya 2 na 3, kama ilivyosema geji. Nilimwita fundi wa kijiweni aje aone. Alitazama, akasema "Aisee," akaondoka.

Na hii ndiyo sababu ya yote: thamostati, valvu inayoongoza maji ya kupozea kufuata joto la injini, haikuwepo. Mtu fulani kabla yangu aliitoa ili gari "lisichemke". Ndani ya njia za maji kuna matope mekundu ya maji ya bomba.

Jumapili, 29 Juni

Kupima hedi kama imepinda. Unalaza rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi, marefu, mapana na pembe kwa pembe, kisha unajaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene ulioandikwa) chini yake. Toyota hairuhusu zaidi ya mm 0.05 upande wa bloku.

Rula yangu ya alumini, ya kupimia trankingi, ilisema 0.20 marefu. Nimeshajifunza, kwa hiyo nikaipeleka rula sebuleni, nikailaza kwenye kioo kinene cha meza. Mwanga ulipita katikati.

Jirani yetu Mzee alistaafu reli, alikuwa fita. Nilimwendea alipotoka kanisani. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, nasikia umeua gari." Akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta: rula ya chuma nzito, kingo imesuguliwa hadi inakata macho. Akakataa nisiibebe peke yangu, akaja nayo mwenyewe. Tulipima pamoja. Fila ya 0.10 ilipita katikati, ya 0.15 haikupita. Imepinda, lakini si kama rula yangu ilivyodai.

Akatazama meza yangu ya vifaa. Toki renchi ya Taiwan akaigeuzageuza. "Hii ukimaliza uishushe mpaka namba ya chini. Springi ikilala imekazwa, inachoka." Kisha akaenda tena kwake, akaleta ya kwake: ile ya zamani ya mshale, fimbo ya chuma inayojipinda na mshale unaobaki umenyooka juu ya namba. Haina springi ya kuchoka wala kitu cha kulia. Mshale ukiwa kwenye sifuri umepumzika, ni nzima. Namba zake ni za paundi-futi. Nitaihitaji, maana bolti ya puli inataka Nm 128 na yangu inaishia 110. Kwa kipimo chake ni 94.

Alhamisi, 3 Julai

Hedi imetoka kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Nimewapelekea rula ya Mzee (yeye akiwa ameishika). Fila ya 0.05 haikupita popote. Wamelipwa.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Watu wote wameenda Barabara ya Kilwa kwenye maonyesho, mtaa umetulia. Siku nzuri ya kufunga.

Bolti za hedi nimenunua mpya. Za zamani nilizipima kwa kalipa, mbili zilikuwa ndefu kuliko wenzake. Bolti hizi hukazwa mpaka zinavutika, zikishavutika hazirudi.

Hatua ya kwanza Nm 29, kuanzia katikati kwenda nje. Hatua ya pili nyuzi 90. Hatua ya tatu nyuzi 90 tena. Kumbuka kwamba baada ya ile 29 toki renchi haina kazi, kinachopimwa ni pembe. Geji za pembe zipo madukani, lakini nimetumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, doa moja mbele ya kila bolti. Mwisho wa raundi ya kwanza madoa yote yametazama pembeni, mwisho wa ya pili yote yametazama nyuma. Doa la bolti ya saba lilikuwa limebaki nyuma kidogo. Bila rangi nisingejua kamwe.

Bolti ndogo za kofia za kamshafti zinataka 13, kifuniko cha juu 10. Usijaribu kwa spana inayoanzia 20. Niliazima ndogo ya robo inchi kwa rafiki anayefunga baiskeli za mashindano, nayo nikaipitisha kwenye ndoo kwanza. Alicheka, halafu akaomba nimtumie hesabu.

Nafasi za valvu kwa fila: za kuingiza zote zimo kati ya 0.15 na 0.25, za kutolea 0.25 hadi 0.35, isipokuwa moja ya silinda ya 3 ambayo ni 0.24. Nimebadilisha kikombe chake, kile cha chuma kinachokaa juu ya valvu. Hii ilinila mchana mzima na sina la kusimulia zaidi ya mgongo.

Thamostati mpya. Kulanti (kimiminiko cha kupozea injini), si maji ya bomba. Bolti ya puli kwa mshale wa Mzee, yeye anasoma, mimi navuta: "Tisini... tisini na mbili... hapo."

Jumamosi, 12 Julai

Niliizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata, alama za cheni zikarudi mahali pake. Ikawaka mara ya pili. Ilitoa moshi kama dakika kumi, oili niliyomwaga kwenye silinda inaungua, kisha ikatulia. Feni iliwaka yenyewe, ikazima yenyewe.

Kompresheni, ikiwa imepata moto: 188, 186, 184, 187. Kila moja mara tatu.

Jumapili, 27 Julai

Kilomita 430 tangu Sabasaba, pamoja na kwenda na kurudi Bagamoyo. Kulanti ipo kwenye mstari uleule.

Wiki iliyopita fundi wa kijiweni alikuja jioni, amesimama getini haingii. Anafungua Vitz yenye injini hiihii, anaomba "kale kabiti" na toki renchi. Biti nilimpa papo hapo. Toki renchi nilimpa kesho yake, baada ya kumwonyesha namna ya kuishika katikati ya mpini na kuacha kuvuta ikishalia. Alisema yeye anakaza kwa mkono miaka kumi na nane. Nikamwambia najua.

Leo ameirudisha, imefutwa oili, imeshushwa mpaka 20. Alipoondoka niliibana kwenye vaisi, nikaning'iniza ndoo. Kilo 9.9.

Kinachofuata: bushi za mbele, zinagonga nikipita matuta ya Kinyerezi.